Maeneo sitini au manane? Jibu kwa mchoraji anayetengeneza gemu yake ya kwanza

Swali: Mimi ni mchoraji wa penseli na wino, naishi Tanga. Pamoja na mwenzangu anayejua kuandika programu, tunatengeneza gemu ya mafumbo kuhusu kijana fundi redio katika mji wa zamani wa pwani, anayetafuta sauti ya marehemu babu yake iliyowahi kurekodiwa. Tumepanga maeneo 60 na mazungumzo mengi, ichukue saa kumi kuimaliza. Tulicheza Machinarium, gemu ya mafumbo iliyochorwa kwa mkono, tukaipenda mno, na tunataka gemu yetu iwe na hali kama ile, yaani ile hisia ya kuwa ndani ya mji wake. Miezi inakwenda na nimemaliza maeneo manne tu. Mwenzangu anasema tufupishe. Mimi naogopa watu watasema tumewapunja. Je, gemu fupi inaweza kusimama? Na ile hali inajengwaje?

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako amesema kweli. Fupisheni, na msifupishe kwa woga. Kutoka maeneo 60 shukeni hadi manane, na saa kumi ziwe saa moja na nusu. Mkikubali hivyo, basi kuanzia leo una nusu ya mandhari ya gemu nzima mkononi.

Nakujibu kwa urefu kwa sababu hofu yako ya kuwapunja watu ni ya heshima, na inastahili kujibiwa kwa hesabu na mifano.

Mandhari moja ya kuchora kwa mkono ina anga na paa za mbali nyuma, majengo katikati, na vitu vya kushikika mbele. Lazima ipakwe rangi, kisha ikatwe vipande ili mhusika aweze kupita nyuma ya nguzo na mbele ya ukuta. Kwa mchoraji mmoja makini, kazi hiyo inakula siku tano hadi saba. Chukua sita. Maeneo 60 ni siku 360 za kazi, na hapo hakuna mtu hata mmoja anayetembea. Ukija kwenye mwendo, wachoraji wa katuni mara nyingi hutumia picha 12 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ya mwendo uliochorwa picha kwa picha ni michoro 720. Bado sauti, bado programu, bado miezi ya kurekebisha. Nanyi mko wawili.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaioni mpaka wafike katikati. Katika gemu za aina hii mchezaji akikwama hujaribu kila kitu alichonacho kwenye kila kitu anachokiona. Akiwa na vitu 10 mfukoni, na mahali alipo pana sehemu 12 za kubofya, ana majaribio 120. Kila jaribio lisilo na jibu ni pengo: kijana anasimama tu, hafanyi lolote, na mchezaji anakumbuka kwamba anatazama karatasi. Katika maeneo 60 hamwezi kuyajibu majaribio yote hayo hata mkikesha. Katika manane mnaweza kuyajibu karibu yote, na hali unayoitafuta inaanzia hapo.

Sasa tuitazame Machinarium yenyewe, jinsi ilivyopatikana. Jakub Dvorský, mwanzilishi wa studio ya Amanita Design ya Ucheki, hakuanza nayo. Mwaka 2003, kazi yake ya kumalizia masomo ya sanaa jijini Prague ilikuwa gemu ndogo iitwayo Samorost. Kijitu kimoja kinaona sayari nyingine inakuja kugongana na kijisayari chake, kinaondoka kwenda kuizuia. Basi. Maeneo yake unayahesabu kwa vidole. Mtu mwepesi huimaliza ndani ya nusu saa. Haina mfuko wa vitu. Unabofya, unatazama, unasikiliza, unabofya tena. Watu waliicheza bure kwenye intaneti, wakaambiana, na jina la studio likajengeka juu ya nusu saa hiyo. Samorost 2 ikaja mwaka 2005. Machinarium ikatoka tarehe 16 Oktoba 2009, baada ya watu saba kuifanyia kazi kwa miaka mitatu, wakijigharimia kwa akiba zao wenyewe.

Yaani gemu unayotaka kuifikia ilitanguliwa na nyingine mbili fupi. Na hata hiyo Machinarium, wachezaji wengi huimaliza kwa saa tano au sita. Mpango wenu wa saa kumi unaizidi kazi ya watu saba waliokwisha kukomaa. Nayasema haya kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakiacha kabisa kuchora, na kilichowashinda ni mpango waliojiwekea wenyewe wiki ya kwanza walipokuwa na furaha.

Basi na hali? Hapa nitakaa zaidi.

Mkumbuke mwanzo wa Machinarium. Josef, yule roboti mdogo, ametupwa jalalani nje ya mji na anataka kurudi ndani. Mlinzi hamruhusu. Josef anafanyaje? Anachukua ile koni ya barabarani, anaipaka rangi ya buluu, anaibandika taa juu yake, anaivaa kichwani. Amekuwa askari. Hakuna neno lililosemwa, hakuna maandishi ya kueleza. Fumbo lote limo ndani ya mchoro: ukiangalia vizuri kofia ya askari, kisha ukaangalia yaliyo karibu nawe, umelipata. Mchezaji hakufikiri tu, ametazama. Akitoka pale anaijua ile picha, kila msumari uliomo.

Mchoro wa mkono unapata thamani yake pale mtu anapolazimika kuutazama. Akipita mbio, wino wako wote ni wa bure. Gemu ndefu ya mafumbo humfanya mchezaji arudi njia ile ile mara nane, kutoka kisimani hadi sokoni, kutoka sokoni hadi forodhani, akitafuta ufunguo alioupita. Mara ya kwanza anaona mandhari. Mara ya tatu anaona njia. Mara ya nane anataka tu kufika. Urefu wa namna hiyo unakula hali uliyoijenga, na ndiyo maana nasema ufupi si upungufu wa bajeti unaopaswa kuombewa radhi. Katika gemu ya kuchora kwa mkono, ufupi unamlinda msanii.

Mfano mzuri zaidi wa hili ni Gorogoa, ya Mmarekani Jason Roberts, iliyotoka tarehe 14 Desemba 2017. Roberts alikuwa mtu wa programu kabla ya kuamua kuchora. Picha zote alizichora mwenyewe, na kutoka jaribio alilowaonyesha watu mwaka 2012 hadi gemu kamili ilipita zaidi ya miaka mitano. Skrini yake ina fremu nne tu, mbili juu na mbili chini. Unasogeza picha kutoka fremu moja hadi nyingine, unaingia ndani ya picha, unatoka, unaiweka juu ya nyingine hadi dirisha la huku lioane na mlango wa kule. Mtoto anatafuta matunda matano ya rangi mbalimbali. Maneno hakuna hata moja. Inaisha kwa saa mbili hivi. Mwaka 2018 ikapata tuzo ya BAFTA, ile ya Uingereza ya filamu na gemu, ya gemu bora ya kwanza ya mtengenezaji. Sijawahi kusikia mtu aliyeimaliza akilalamika kuhusu muda. Wanachosema ni kwamba walitaka kuirudia, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Turudi kwenu. Pale mji wa zamani wa pwani, mna mahali ambapo mchoraji wa gemu angepaomba kwa Mungu. Nyumba zenyewe zimejaa sehemu za kuweka vitu na sehemu za kukaa. Kuna madaka ukutani, kila daka na kilichomo. Kuna baraza mbele ya mlango, ambapo wazee wanacheza bao na kila apitaye lazima asalimu. Kuna vichochoro ambavyo mtu akigeuka kona hajui atakutana na nini, kwa hiyo kupita kutoka eneo hadi eneo kunakuwa na maana bila wewe kubuni chochote. Lakini nakusihi, usichore mji wa kadi za watalii. Mlango wa nakshi uchore, na chini yake weka ndoo ya plastiki. Chora waya za umeme zilizobanwa ukutani bila mpangilio, chokaa iliyobanduka hadi mawe ya matumbawe yakaonekana, boriti ya mikoko iliyolegea darini, bati jipya linalong'aa juu ya nyumba ya miaka mia na zaidi. Machinarium inaaminika kwa sababu mji wake una kutu na mabomba yanayovuja. Mji wenu utaaminika kwa hizo ndoo na waya.

Kisha kila kitu kijibu. Nikisema kijibu sina maana kila kitu kiwe fumbo. Mchezaji akibofya paka, paka anageuza kichwa. Akibofya kanga iliyoanikwa, upepo unaipepesa. Akibofya wazee wa bao, mmoja ananyanyua mkono bila kuacha kuhesabu kete. Vitu hivi havisogezi hadithi hata hatua moja, na bado ndivyo mtu atakavyovikumbuka. Kule Machinarium wapo wanamuziki watatu wa mtaani wenye vyombo vibovu. Ukiwasaidia, wanapiga muziki wao pale barabarani. Ni zawadi ndogo, lakini unaposimama kuwasikiliza unajihisi mkazi wa mji ule. Katika kila eneo wekeni majibu kumi ya namna hiyo. Maeneo manane ni majibu 80. Yanawezekana.

Kuna jambo jingine la Machinarium ambalo huenda mmelihisi bila kulitaja. Josef hugusa vilivyo karibu naye tu. Huwezi kupitisha mshale juu ya picha nzima ukibofya ovyo. Lazima umtembeze hadi pale, na pengine umrefushe au umfupishe mwili. Sharti hilo moja linaondoa majaribio mengi yasiyo na maana, na linamfanya mchezaji awe mahali pale, kwa miguu ya roboti.

Tafuteni sharti lenu. Ingekuwa kazi yangu, ningeuondoa mfuko wa vitu kabisa na kumpa fundi redio kitu kimoja tu mkononi: redio yenyewe. Anaponyanyua antena mbele ya mlango, kisimani, barazani, redio inanasa kitu. Mara mkwaruzo, mara kipande cha taarabu, mara sauti ya mtu aliyewahi kukaa pale. Yale majaribio 120 niliyoyahesabu yanakuwa 12, maana chombo ni kimoja na sehemu ni 12. Na fumbo linakuwa la kusikiliza, jambo ambalo hadithi yenu inalidai tangu mwanzo. Mmebuni kijana anayetafuta sauti, halafu mkampa mfuko wa funguo na kamba kama gemu nyingine yoyote. Mpeni masikio.

Kuhusu mazungumzo: ondoeni karibu yote. Machinarium inatumia viputo vya mawazo vyenye michoro ndani yake. Roboti akitaka kitu, unaona picha ya kitu hicho juu ya kichwa chake, na akisimama kidogo unaona kumbukumbu zake. Kwenu hilo lina faida ya ziada. Gemu isiyo na maandishi inachezwa Tanga, Lubumbashi, Muscat na Prague bila kutafsiriwa, na mtoto asiyejua kusoma anaicheza pamoja na bibi yake. Lakini hapa nina tahadhari. Sauti ya babu isiwe ya mlio tu. Hiyo iwe ya mtu kweli, iseme Kiswahili, na isikike mara moja, mwishoni. Baada ya saa moja na nusu ya mikwaruzo na vipande, sentensi mbili tatu za mzee anayeongea kwa utulivu zitafanya kazi ambayo saa kumi za mazungumzo haziwezi. Mtafuteni mzee wa mtaani mwenye sauti ya pwani, mwombeni asimulie jambo lolote la ujana wake, mrekodi muda mrefu, kisha mchague. Msimwandikie maneno ya kusoma.

Na kwa ujumla sauti ndiyo nusu ya kazi, ingawa wachoraji hatupendi kulisikia hilo. Amanita waliwapa watu wawili kazi hiyo, na kwa bahati ya ajabu wote wanaitwa Tomáš Dvořák: mmoja, anayejulikana pia kama Floex, alitunga muziki wa Machinarium, na mwingine, anayeitwa Pif, alitengeneza milio. Milio ilikuwa kazi kamili ya mtu, si kitu cha kuokota mwishoni. Nanyi msipakue mlio wa bure wa mlango wa Ulaya mkauweka kwenye mlango wa pwani. Mlango mzito wa mbao wenye mnyororo una mlio wake. Tokeni na simu asubuhi mapema kabla ya pikipiki kuamka. Rekodini mbuzi ya nazi inavyokwangua, kamba ya ngalawa inavyolalamika, kengele ya baiskeli ya muuza kahawa, adhana kutoka mbali, mafuta yakipokea kitumbua. Rekodini pia ukimya wa kila mahali kwa dakika mbili, maana ua wa nyumba ya mawe hauna ukimya sawa na wa forodhani. Mkiweka ukimya huo chini ya kila mandhari, mchezaji atajua amehama hata akifumba macho. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha kwa kazi hii yote.

Sasa upande wa karatasi. Endelea na penseli na wino, usishawishike kuhamia kompyuta kwa sababu eti ndiyo kisasa. Mstari unaotetemeka kidogo ni sahihi yako. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inatoa picha ya upana wa pikseli 3508 ukiilaza, na skrini ya kawaida ina 1920. Maana yake mchoro utapunguzwa hadi karibu nusu, na mistari myembamba itafifia. Chora kwa mkono mzito kidogo kuliko unavyochora kwa ajili ya fremu ya ukutani, au tumia penseli laini zaidi. Skani kwenye steshenari inayoaminika, na kila mara mashine ile ile, kwa sababu mashine mbili hazitoi weupe mmoja. Chora kila tabaka kwenye karatasi yake: anga peke yake, nyumba peke yake, vya mbele peke yake. Kukata tabaka kutoka mchoro mmoja uliokwisha kunatesa, na kila ulipokata panabaki shimo la kujaza. Rangi unaweza kupaka kwa Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nayo ni ya bure. Chagua rangi chache na uzishikilie. Mji wa saa kumi jioni mwanzo hadi mwisho, jua likishuka kidogo kila eneo, utaunganisha maeneo yako manane vizuri zaidi kuliko ramani yoyote.

Mwenzako naye ana hesabu yake. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048 isiyobanwa inachukua megabaiti 16 za memori, haijalishi faili lake ni dogo kiasi gani kwenye diski. Eneo lenye tabaka nne za ukubwa huo ni megabaiti 64 kabla ya mhusika kuingia. Simu za bei nafuu ambazo watu wetu wengi wanazo zitaanza kuhema. Hata Machinarium ilipopelekwa kwenye iPad mwaka 2011 ilidai iPad 2, ya kwanza haikutosha. Kwa hiyo eneo moja tu liwe kwenye memori kwa wakati mmoja, na mkijaribu, jaribuni kwenye simu dhaifu kuliko zote nyumbani kwenu. Injini ya Godot, yaani programu ya kujengea gemu, ni ya bure, haidai asilimia ya mauzo, na inatoa gemu za kompyuta na za Android. Kwa kazi yenu sioni sababu ya kutafuta nyingine.

Mhusika mchoreni kwa vipande: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, na kadhalika, kisha viungo vizungushwe na programu. Ucheki ni nchi yenye mila kubwa ya filamu za vikaragosi, na katika Machinarium unaiona: roboti ni viungo vya chuma vinavyozunguka, havihitaji kuchorwa upya kila hatua. Kijana wenu akiwa na kanzu, shida inapungua sana, kwa kuwa miguu haionekani na kanzu inaweza kuyumba kwa michoro minne au mitano. Michoro ya picha kwa picha itunzeni kwa matukio machache yanayostahili. Uso wake anapoitambua sauti, huo uchore wote kwa mkono, kila picha.

Nije kwenye hofu yako yenyewe, ya kuwapunja watu. Mtu anayelipa hupunjwa anapoahidiwa kitu asichopewa. Andikeni wazi mahali mnapouza kwamba gemu inachukua saa moja na nusu, na muweke bei inayolingana. Atakayeinunua ataijua. Wapo wengi, tena wenye kazi na watoto, wanaotafuta kitu cha kumaliza kwa jioni moja na hawakipati.

Hata hivyo kuna tatizo la kweli ambalo lazima mlijue. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, humrudishia mnunuzi fedha akiomba ndani ya siku 14 na akiwa amecheza chini ya saa mbili. Mtu anaweza kuimaliza gemu yenu yote, akaifurahia, kisha akarudishiwa fedha zake. Mwaka 2021 mtengenezaji wa gemu fupi ya kutisha iitwayo Summer of '58 alitangaza kwamba anaacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana kwa sababu hiyo hiyo. Nimesikia watu wakishauri kurefusha gemu ipite saa mbili ili kukwepa. Msifanye hivyo. Dakika 30 za kumzungusha kijana vichochoroni bila sababu zitaharibu dakika 90 zilizo nzuri, na hapo ndipo mtakuwa mmewapunja. Anzeni na itch.io, duka jingine la mtandaoni, ambako muuzaji hupanga bei yake mwenyewe na anaweza hata kumruhusu mtu alipe zaidi akipenda. Steam wanataka dola 100 kwa kila gemu, wanazirudisha tu ikishaingiza mauzo ya dola 1,000. Google Play, duka la simu za Android, wanataka dola 25 mara moja. Kwa wawili wanaoanza, 100 ni fedha ya kufikiri mara mbili.

Jueni pia kwamba hata gemu inayopendwa huibiwa. Mwaka 2010 Amanita walikadiria kwamba wengi mno wa wachezaji wa Machinarium hawakuilipia, na badala ya kulaani wakaishusha kutoka dola 20 hadi dola tano kwa muda, wakiwaalika waliochukua bure wanunue. Naupenda uungwana huo. Aliyeiba leo anaweza kuwa mnunuzi wa gemu yako ya pili, na gemu fupi ina heri hii: ya pili haiko mbali.

Cha kufanya sasa. Wekeni kando yale maeneo mengine 56, msiyatupe, baadhi yatakuwa gemu nyingine. Katika manne uliyomaliza chagueni moja, nadhani barazani kama umelichora, mlikamilishe kabisa: tabaka, rangi, ukimya wake, majibu kumi, fumbo moja la redio, mwendo wa kijana kutoka upande hadi upande. Msiguse eneo la pili kabla. Kisha mpeni simu mtu mzima ambaye hajawahi kucheza gemu yoyote, mama yako mdogo au jirani, mkae nyuma yake na msiseme neno hata akikwama. Andikeni anabofya nini kwanza, anarudia kubofya nini, na wapi anaacha kubofya na kutazama tu. Mkishapata karatasi hiyo niandikieni tena, pamoja na picha ya eneo lenyewe, tuone kama yale manane yanapaswa kuwa saba.